Yaya wa Darasa la Maandalizi

Mara ya kwanza aliponiita yaya nilikuwa nafuta ubao, na nusura nimrushie kile kifutio.

Acha nieleze, maana anayetoka kwingine anaweza kushangaa nilichokasirikia. Kwetu Nakuru, yaya ni msichana anayekuja nyumbani kwako kukulelea mtoto na kukuoshea vyombo, analala chumba kidogo karibu na jikoni na kuamka kabla ya kila mtu. Mama yangu alikuwa yaya. Alilea watoto wa watu hadi alipopata kibanda cha kuuza mitumba, na akanisomesha kwa jasho hilo ili mimi nisije nikaitwa hivyo. Sasa hapo nimeshavuka bahari, nina digrii mbili, nimesimama mbele ya darasa la chuo kikuu magharibi mwa Sydney, halafu mwanamke mzima, niliyemzidi miaka michache tu, ananijia baada ya kipindi, anainamisha kichwa na kuniambia kwa sauti ya chini, "Yaya, niko na swali."

"Mimi si yaya wa mtu," nikamjibu.

Alirudi nyuma hatua moja. Lile swali hakuliuliza. Alikusanya daftari na chupa yake ya maji, akasema, "Pardon, Madame," akatoka. Nilirudi kwetu St Marys kwa treni nikijipongeza kwamba nimejitetea.

Darasa lenyewe lilikuwa la maandalizi. Watu wazima ambao hawana vyeti vya kutosha hukaa humo muhula mmoja, wakijifunza kuandika insha, kusoma makala na kutumia maktaba, na wakifaulu wanaingia chuoni kusomea digrii. Hawalipi karo. Nilikuwa na dereva wa lori, fundi bomba aliyeumia mgongo, akina mama waliomaliza kulea na sasa walitaka zamu yao. Niliwapenda kupita kiasi, ingawa sikuwaonyesha. Mimi mwenyewe nilikuwa kibarua, nikilipwa kwa saa, mkataba mpya kila muhula. Kwa Kiingereza cha hapa tunaitwa casual, neno linalomfanya mtu aonekane amekuja kazini na kandambili.

Yule mwanamke alikuwa Mkongo kutoka Uvira. Alikuwa ameishi kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na huko kambini alikuwa akimsaidia mkunga katika zahanati. Siku ya kujitambulisha aliliambia darasa lote kwamba anataka kuwa nesi, na alilisema kama mtu anayetaja jina lake. Wakati huo alikuwa akifanya kazi ghalani Wetherill Park, kukusanya oda za wateja kutoka kwenye rafu, amefungwa kifaa mkononi kinachomhimiza atembee haraka zaidi. Bila kufaulu darasa langu, nesi angebaki kuwa ndoto, na ghala lingebaki kuwa ghala.

Insha yake ya kwanza ilikuwa juu ya faida na hasara za kazi za zamu. Ilianza hivi, kwa Kiingereza: Nakusalimu mwalimu, natumaini hujambo wewe na jamaa yako. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Baada ya salamu, lengo la kuandika insha hii ni kukujulisha kuhusu kazi za zamu.

Nilicheka peke yangu jikoni hadi binti yangu akaja kuangalia kuna nini. Ilikuwa barua, kabisa, kama zile tulizofundishwa kuandika shule ya msingi, na iliniuma kwa sababu ilikuwa nzuri. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikaifuta salamu yote, nikaandika pembeni: Insha haisalimu mtu. Akaanguka. Ya pili akasalimu tena, kwa ufupi kidogo, akaanguka tena. Na wiki zote hizo akawa ananiita Madame, kwa adabu iliyonyooka kama nguo iliyopigwa pasi, asitake hata nimshikie mlango.

Mwaka huo uchumi ulikuwa umeanza kukaza. Chuoni kwetu mambo yalianza na biskuti. Kulikuwa na kopo la biskuti kwenye chumba cha chai cha walimu, na siku moja likawa kopo tupu, kisha hata kopo halikuwapo. Mimea ya kwenye korido, iliyokuwa na watu maalumu wa kuja kuinywesha kila Jumatatu, iliachwa ijifie. Ghorofa moja ya maktaba ikafungwa kwa utepe. Wanafunzi wa kutoka ng'ambo, ambao karo zao ndizo zilizokuwa zikitulisha wote, walipungua, na barua pepe za wakubwa zikaanza kuwa na upole wa kutisha. Mtu akishakuandikia kwamba anathamini sana mchango wako, jua meza yako imeshapimwa. Mimi kwa hasira nilianza kuinywesha ile mimea kwa chupa yangu.

Wiki ya tatu mkuu wa kozi akaniita. Alikuwa mama wa Kizungu aliyekaribia kustaafu, mtu wa watu, anayekula mkate wake mezani huku akisahihisha. Aliniambia kozi yetu inaangaliwa. Kufikia mwisho wa wiki ya nne nilitakiwa niwe na wanafunzi kumi na wanane kwenye orodha. Nilikuwa na kumi na wanne.

Nilipomweleza binti yangu, yeye ambaye humsikiliza mama kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza, alinipigapiga bega. "Mum, they're not closing you," akasema. "They're closing a unit."

"Hiyo unit inakula ugali gani?" nikamuuliza. "Aliyesimama ndani yake si mimi?"

Siku iliyofuata nilikuwa kituo cha Granville nasubiri treni iliyochelewa kwa sababu ya ukarabati wa reli. Kwenye benchi mbele yangu alikaa yule Mkongo, amenipa mgongo, simu sikioni. Sauti yake sikuijua. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike anayedeka.

"Yaya, ulikula? Usinidanganye, yaya. Ulikula nini? ... Eeh. Na dawa ulikunywa? Yaya, yaya, sikiliza kwanza..."

Alipomaliza akageuka, akaniona, akajifuta macho upesi. Mimi nami nikauliza, "Huyo ni yaya wa watoto wako?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa nimetoka wapi. "Madame, mutoto wangu wa mwisho iko na miaka kumi na saba. Huyu ni yaya wangu. Mukubwa wangu. Tumbo moja. Yeye njo wa kwanza kwetu, alibaki Uvira."

"Kwenu yaya ni dada mkubwa?"

"Dada mukubwa, kaka mukubwa. Mutu mwenye alikutangulia. Ule unamuheshimu."

Nilikaa kando yake kwenye lile benchi. Nikamweleza yaya wa Nakuru ni nani. Alisikiliza mdomo ukifunguka taratibu, kisha akaufunika kwa mikono yote miwili. "Yesu! Donc nilikuita boyesse, mutumishi wa nyumba!" Tulicheka hadi mzee mmoja aliyekuwa na mbwa akasogea mbali kidogo. Lakini katikati ya kicheko nikakumbuka nilichomjibu siku ile ubaoni, na nikakisikia alivyokisikia yeye. Alikuwa amenijia kwa heshima kuniambia wewe ni dada yangu, na mimi nikamwambia kwamba si ndugu wa mtu. Niliona aibu, aibu hasa, ile ya kutaka kuvua sura.

"Niite tena," nikamwomba.

"Nikuite nini?"

"Vile ulivyoniita."

Akanionea huruma. "Yaya," akasema, "niko na swali."

Swali lenyewe lilikuwa hili: hoja ni nini? Lilikuwa limekaa kifuani mwake wiki zote hizo, na hakuna swali lingine lililokuwa na maana katika darasa langu. Laiti ningelijibu siku ile ya kwanza, pengine zile insha mbili zisingeanguka.

Chuo kilikuwa kimeshafuta saa za kuonana na wanafunzi nje ya kipindi, kwa hiyo tukaanza kukutana kwake Granville kila Jumamosi asubuhi. Meza yake ya jikoni ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau. Alinipikia sombe, majani ya muhogo yaliyogandishwa anayoyanunua kwenye duka la jirani, kwa mawese na samaki mkavu, na hakukubali tufungue kitabu kabla sijala. Nilijitia kukataa Jumamosi moja tu. Kisha tukawa tunakula, tunafuta meza, na kugombana.

"Hoja ni kile unachokiamini na uko tayari kukitetea," nikamwambia.

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya msomaji."

"Bon. Na huyo msomaji, siwezi kumusalimia?"

"Huwezi."

"Vraiment, yaya, iko mutu gani huyo? Unaingia ku kichwa yake bila kubisha hodi?"

Nikampa jibu la vitabuni. Hadi leo nadhani yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini kulikuwa na mtihani, na kazi yangu ilikuwa kumvusha.

Jumamosi ya kwanza tu, kabla hata hatujafuta meza, alinieleza yaliyotokea kazini. "Balinikata shift," akasema. "Mbele nilikuwa na tano. Sasa mbili. Agency banasema nikae karibu ya simu." Hakulalamika. Alisema sasa atapata muda wa kusoma. Nikamweleza na mimi ya kwangu, kwamba nina wanafunzi kumi na wanne na natakiwa kumi na wanane, na imebaki wiki moja tu. Alitafuna polepole huku akinitazama.

Kipindi kilichofuata aliingia darasani na wanawake wanne nyuma yake, wote wamevaa viatu vizito vya kazi. Mmoja Msamoa, mmoja Mvietinamu, wawili Wakongo wenzake. Wote walikuwa wamekatwa zamu ghala lile lile. "Bale ba kukaa karibu ya simu," akanieleza kwa fahari. "Niliwaambia, simu inaweza kulilia na ku darasa." Niliandika majina yao kwenye orodha kwa furaha. Kumi na wanane, kwa hesabu ya chuo chenyewe. Uchumi ule ule uliowatoa ghalani ndio ulioniletea, na sijapata kuwa na darasa lenye njaa ya kusoma kama lile. Yule Msamoa alikuwa akiuliza maswali hadi fundi bomba akaomba tufungue dirisha.

Basi nilipoitwa tena na mkuu wa kozi nilikwenda nimebeba orodha mkononi kama cheti. Hakuiangalia. Aliniambia uamuzi umetoka juu, nao haukuwa wa idadi tena. Kozi za bure ndizo zinazokatwa kwanza. Darasa litamaliza muhula, kisha litafungwa, na hakutakuwa na kurudia. Atakayeanguka insha ya mwisho ameanguka moja kwa moja. Insha zenyewe zitasahihishwa na mtu wa kampasi kuu, asiyemjua yeyote kati yetu.

Nilimwambia maneno. Nilimwambia mlituomba kumi na wanane, tukawapa, watu wametembea na viatu vya chuma kuja hapa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa Kiingereza cha upole wa kawaida, si ule wa barua pepe, kwamba yeye naye anaondoka, na kwamba nafasi yake haitajazwa. Nikaona vitabu vyake vimeshaanza kuingia kwenye maboksi. Nilikaa nikala nusu ya mkate wake.

Nilichokiogopa sasa kilikuwa kimoja. Kazi yangu niliona imeshaondoka. Lakini yule wa Uvira alikuwa na insha moja tu iliyobaki, na akianguka, ule mlango hauko tena. Jumamosi tuliacha kuongea mambo mengine. Nilikuwa mkali kwake kuliko nilivyowahi kuwa kwa mtu. Aliandika aya ile ile mara saba. Mara moja alilia, akaniambia kichwa chake kimejaa, nami nikamwambia amwage chai ya zamani aweke mpya, akacheka na machozi yake, akaandika ya nane.

Mada ya mwisho ilikuwa mabadiliko kazini, chanzo na matokeo yake. Aliandika juu ya ghala. Alieleza jinsi watu walivyopunguza kununua, oda zikapungua, zamu zikapungua, na mwanamke anayesubiri simu hawezi kupanga siku ya kumpeleka mtoto wake kliniki. Hoja ilikuwapo pale juu, imesimama wima. Nilisoma mstari wa kwanza mara mbili. Kisha nikageuza karatasi kuangalia nyuma.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Salamu."

"Ulikata wewe mwenyewe, yaya. Na bic ya rouge." Akaninyang'anya karatasi kabla sijafanya ujinga wa kumwomba airudishe.

Alifaulu. Siku majibu yalipotoka nilikuwa kwenye korido nakusanya vitu vyangu, na alinipigia akipiga vigelegele hadi nikaiweka simu mbali na sikio. Msamoa pia alifaulu, na fundi bomba, na wengi. Niliketi sakafuni pale pale nikalia kwa raha. Kisha nikabeba mmea mmoja wa korido, ule ulionusurika vizuri zaidi, nikapanda nao treni hadi St Marys. Hakuna aliyeniuliza.

Miezi iliyofuata niliandika maombi ya kazi kila chuo nilichokisikia, na kila chuo kilithamini sana kwamba nimewaandikia. Walimu wenzangu walikuwa wakitafuta kazi zile zile. Mwishowe nikasomea cheti cha kuhudumia wazee, nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee si mbali na kwangu. Kuosha, kuvisha, kulisha, kutandika. Wiki ya kwanza nilikuwa nikitoka mle kiburi kinaniuma kuliko mgongo. Mama aliponipigia kutoka Nakuru kuuliza siku hizi nafundisha nini, nilizunguka, nikazunguka, kisha nikamwambia ukweli. Nikangoja asikitike.

"Wana maji ya moto huko?" akauliza.

"Wanayo, Mama."

"Basi uwaoshe vizuri."

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, nilikuwa namvalisha sweta bibi mmoja asiyependa kuguswa mkono wa kushoto. Wanafunzi wa unesi walikuwa wameletwa kwa mazoezi, na niliwasikia kwenye mlango wakioneshwa vyumba. Kiongozi wao alikuwa nesi wetu kijana, Mkenya mwenzangu, anayeniita madam kwa sababu nilimwambia kwamba niliwahi kufundisha. Nikageuka. Katika wale wanafunzi watano, wa mwisho alikuwa yeye, sare ya bluu mpya kabisa, saa imebanwa kifuani.

Alisahau mazoezi. Alikuja moja kwa moja akanikumbatia pamoja na sweta. Kisha akawageukia wenzake, akasema kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza kilichonyooka, "This one is my yaya."

Yule nesi kijana aliangua kicheko. "Ati nini? Aki madam, na hujawahi tuambia! Kwani ulikuwa yaya wake huko Congo?"

Niliona uso wa mwanafunzi wangu ukibadilika. Aliinua mkono aeleze, aanze na kule kituoni Granville, aniokoe. Nami niliitafuta ile hasira yangu ya ubaoni mahali nilipokuwa nikiiweka, na sikuikuta. Nilichokikuta ni mama yangu, chumba chake kidogo karibu na jikoni, anaamka kabla ya kila mtu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Mimi ni yaya wake."

Bibi akanivuta mkono wa sweta kwa sababu nilikuwa nimemwacha nusu. Nikamwomba radhi, nikarudi kumalizia vifungo.